Uzi: Mtoto anayetisha mtaa mzima hujifunzia wapi? Yanayopita ofisi ya nidhamu, Lubumbashi

Direkta_Katuba

Wazazi ninaowaita ofisini huja na sababu tayari mfukoni. Ya kwanza ni marafiki. Ya pili ni "damu ya baba yake". Ya tatu hutoka wakishazoea kiti, kwa sauti ya chini: kuna bibi mmoja upande wa mume, mtoto alikula kitu kwake. Sijampata bado mzazi anayeanza kwa kunisimulia jinsi jioni inavyokwenda nyumbani kwake, tangu saa kumi na mbili hadi watu wanapolala. Mimi hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni direkta wa nidhamu kwenye sekondari moja ya Katuba. Si daktari. Saikolojia niliipata kidogo chuoni, na nyingi zaidi baadaye kwa kusoma mwenyewe, maana fimbo na barua za wito hazikuwa zinanifikisha popote.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Mvulana aliyeruka ukuta wa shule siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo hana ugonjwa wowote. Aliyeiba simu mara moja akakamatwa, akalia, akairudisha, naye ni kijana tu. Madaktari wa akili wana jina kwa hali nyingine: tatizo la mwenendo. Mwongozo wa Wamarekani wa 2013, DSM-5, unataka dalili zisizopungua 3 kati ya 15 ndani ya miezi 12, na angalau moja iwe imeonekana katika miezi 6 ya mwisho. Dalili zenyewe ziko katika makundi 4: ukatili kwa watu au wanyama, kuharibu mali, uongo na wizi, na kuvunja kanuni kwa namna nzito, kama kulala nje au kukimbia shule tangu kabla ya miaka 13. Halafu wanauliza: hali ilianza kabla ya miaka 10 au baada?

Swali hilo la umri wazazi wengi wanaliona la karani tu, kumbe ndilo linalofungua mlango. Mwaka 1993 Terrie Moffitt alitenganisha njia mbili. Kwake yeye na wenzake data zilitoka Dunedin, Nyuzilandi, ambako watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa mpaka utu uzima. Wako wanaoanza wadogo kabisa, wanang'ata, wanapiga, wanavunja, na ni kikundi kidogo kinachoendelea hadi ukubwani kama hakuna aliyeingilia. Wako wengi zaidi wanaoanza na ndevu za kwanza, wanaiga wakubwa, na wengi wao huacha wakipata kazi, mke, majukumu. Ndiyo maana mzazi akikaa mbele yangu, kabla ya kuuliza juu ya jana, ninauliza mtoto alikuwaje akiwa na miaka sita.

Sasa tuingie nyumbani.

Kulikuwa na mtafiti Oregon, Marekani, Gerald Patterson. Yeye na watu wake hawakutosheka kuwauliza wazazi maswali. Waliingia majumbani, wakakaa pembeni na kuandika kila kitu: nani kasema nini, nani kajibu nini, kilifuata nini. Mwaka 1982 alitoa picha kamili ya alichokiona. Niwape kwa sura ya kwetu.

Maji yamekatika. Mama anasema: "Chukua bidoni (dumu la maji), wende kwa bomba." Mtoto, macho kwenye simu: "Nakuya." Dakika kumi. Mama anapandisha sauti. Mtoto anajibu kwa kiburi. Mama anaingiza baba yake, babu yake, ukoo mzima. Mtoto anapiga mlango teke, vyombo vinaruka. Na mama, aliye mguuni tangu alfajiri pale soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi), anasema: "Acha, nitaenda mwenyewe." Nyumba inatulia.

Angalieni nani kalipwa. Mtoto kalipwa: teke limemwondolea bidoni. Mama naye kalipwa: kuachia kumemletea kimya, na kimya ndicho alichokuwa anakihitaji kuliko maji. Kesho kila mmoja atarudia kilichomlipa. Siku nyingine mama ana nguvu, anashika mwiko, mtoto anakwenda na bidoni akilia. Somo ni lilelile: anayepanda juu zaidi ndiye anayeshinda. Mtoto ana miaka 9, mwiko bado unatosha. Akifika 15 amemzidi mama urefu.

Akifika kwangu ana mazoezi ya miaka. Mwalimu wa hesabu akimwambia "kaa", yeye anaanzia palepale anapoanzia jioni nyumbani, na anajua ngazi zote za kupanda. Wenzake watulivu wanamkwepa, anabaki na waliofundishwa kama yeye. Hapo ndipo "marafiki wabaya" wanapoingia. Ni kweli wapo, ila wamekuja sura ya tatu ya hadithi, si ya kwanza.

Na hapa nataka nieleweke: sijasema mama huyo hampendi mwanawe. Niliowaona wengi wanawapenda hadi wanaumwa. Kinachokosekana ni neno moja kusimama leo na kusimama kesho. Anayepigwa leo kwa kosa ambalo jana lilichekewa hajui sheria ni ipi, anajua tu hali ya hewa ya mama.

Sasa la kwetu Lubumbashi, maana Oregon ni mbali.

Wazee wanajua jinsi kampuni ya migodi, Union Minière, kisha Gécamines, ilivyobeba familia: nyumba, shule, hospitali, mposho (chakula cha mgao). Mamlaka ya baba yalisimama juu ya kampuni. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameandika sana juu ya jambo hili, juu ya baba aliyepoteza kazi na kile kinachobaki kwake mezani. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika ile tuliyoizoea kuiita départ volontaire, kuondoka kwa hiari, baada ya miezi mingi bila mshahara. Hesabuni wenyewe: aliyekuwa na miaka 14 siku baba yake aliporudi na bahasha ile, leo ni mzazi. Ndiye anayekaa kwenye kiti changu. Alilelewa na baba aliyekuwa anashinda uani hana la kufanya, akiongea tu akikasirika.

Mtu atasema basi ni umaskini. Nusu. Glen Elder alifuatilia watoto wa Oakland, California, waliopitia mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, akachapisha mwaka 1974. Alichoona yeye na wenzake, hasa katika kazi za baadaye, ni kwamba hasara ya fedha iliwafikia watoto kupitia mtu. Baba aliyepoteza kipato akawa mkali bila mpango, leo anafoka, kesho hajali, na watoto wakabeba huo ukali usio na mpango. Nyumba ambamo baba alipoteza kipato lakini hakugeuka vile, watoto hawakuumia kwa kiasi hicho.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda sana. Milima ya North Carolina, watafiti walikuwa wanafuatilia watoto 1,420, robo yao Wahindi wekundu wa huko. Miaka ya 1990, katikati ya utafiti, kasino ikafunguliwa kwenye ardhi ya Wacherokee na kila mwanajamii akaanza kupata gawio. Familia kadhaa zikatoka umaskini bila kufanya lolote tofauti. Jane Costello na wenzake walipotoa matokeo mwaka 2003, ukaidi na matatizo ya mwenendo kwa watoto wa familia hizo yalikuwa yameshuka hadi kiwango cha watoto ambao hawakuwahi kuwa maskini. Wasiwasi na huzuni havikushuka vile. Walipotafuta kilichofanya kazi, wakakuta ni hiki: wazazi sasa walikuwa na muda wa kuwaangalia watoto wao. (Siombi kasino Katuba. Tuna za kututosha za kubahatisha.)

Ninaishia hapa kwanza. Pigeni.

Mzee_wa_Camp

Direkta, jambo yenu. Miye nilizaliwa mu camp ya bafanyakazi ba Gécamines. Baba yangu alikuwa anatupiga na mukaba (mkanda), na sisi wote tulisoma, yaya yangu njo ingénieur. Leo batoto habapigwe, na munaona yenye inatoka. Bazazi ba leo banaogopa batoto yabo. Mukaba njo ilikuwa dawa.

Direkta_Katuba

Heshima kwako, Mzee. Nakubali camp ililea. Lakini hebu taja yote yaliyokuwamo. Baba alitoka kazini saa ileile kila siku. Mama alikuwa nyumbani kwa sababu mposho ulifika. Kila jirani alikuwa na ruhusa ya kukukamata sikio na kukupeleka kwenu. Shule haikukufukuza kwa deni la minerval (ada). Mkaba ulikuwa juu ya hayo yote, na umeukumbuka wenyewe kwa sababu ndio uliouma.

Leo tumeondoa yote tukabakiza mkaba. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75, watoto zaidi ya 160,000, wakiangalia kupigwa kwa mkono tu, bila hata kuhesabu mateso makubwa. Hawakupata faida. Walipata kwamba wanaopigwa zaidi ndio wakali zaidi, na wako mbali zaidi na wazazi wao. Najua utaniuliza: je, si kwamba watoto wakorofi ndio wanaopigwa zaidi? Ni swali zuri, na jibu ni kwamba yote mawili yanakwenda pamoja, kama yale ya bidoni.

Mama_Ruashi

Direkta, nimesoma mpaka mwisho na roho imeniuma. Mume wangu ni mchimbaji Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi, akipata. Mimi naondoka saa kumi na moja alfajiri na makala (mkaa) yangu ya kuuza, narudi usiku umeingia. Mtoto wangu wa pili ana miaka 14, ameanza kulala nje, wiki iliyopita amekutwa na kisu ndani ya mfuko wa daftari. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfundisha ukuluna, uhuni wa magenge? Nikae nyumbani tule nini?

Direkta_Katuba

Mama, hapana. Ungekuwa na gawio la wale Wacherokee ungekaa. Huna, kwa hiyo tuongee kwa saa ulizonazo.

Mume kuwa mbali, peke yake, si hukumu. Michael Rutter wa London alilionyesha hili zamani, miaka ya 1970: kinachoharibu zaidi ni ugomvi wa wazazi, kuliko kutengana kwenyewe. Watoto waliofiwa na mzazi hawakuingia kwenye matata kama waliokulia katikati ya vita vya baba na mama. Nyumba ya mzazi mmoja yenye utulivu inashinda nyumba ya wawili wanaotukanana.

La pili. Watu wanadhani kumlinda kijana ni kumfuata. Håkan Stattin na Margaret Kerr, Uswidi, mwaka 2000, waliuliza wazazi wanaojua watoto wao walipo wanajuaje. Sehemu kubwa ya wanachojua wameambiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiari. Si kwa kuhoji, si kwa kupekua. Sasa jiulize, Mama: mara ya mwisho alipokuambia kitu cha kweli, kilimpata nini? Kama kila neno analotoa linakuwa kesi, atafunga mdomo, na ukifika saa mbili usiku hutajua lolote.

Kisu ni jambo la haraka, sikifichi. Muulize anamwogopa nani njiani kabla ya kumuuliza anataka kumchoma nani. Wengi ninaowakamata na visu wana mtu wanayemkimbia.

Mpakwa_Mafuta

Mnazunguka tu. Mtoto anayetaka kumpiga mama yake ana roho nyuma yake. Nimeshuhudia kwa macho yangu, wiki mbili za kufunga kwenye chumba cha maombi na kijana akatoka mwanakondoo. Sayansi ya wazungu haina jibu kwa mambo ya Afrika.

Direkta_Katuba

Ombeni, sina ugomvi na maombi, mimi mwenyewe Jumapili hukosi kuniona kanisani. Ugomvi wangu ni mtu mzima kumwambia mtoto, mbele ya ndugu zake, kwamba yeye ni mchawi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaadhibu. Na kuna sababu ya nje ya sheria pia: siku hiyo nyumba inaacha kumdai chochote, maana mchawi hadaiwi bidoni wala masomo, anaogopwa. Tena analishwa peke yake. Tembeleeni Bakanja, nyumba ya watoto wa mitaani ya Wasalesiani, mkaulize ni wangapi wa mitaani walianzia kwenye neno hilo.

Mwanakondoo wako alikaa wiki mbili bila chakula, ndugu yangu. Mimi pia ningetulia.

Stagiaire_UNILU

Niko mwaka wa mwisho wa udaktari. Direkta anasema kweli ila anaegemea sana malezi. Kuna urithi pia. Kundi lilelile la Dunedin lilitoa mwaka 2002 kazi ya Avshalom Caspi: wavulana waliotendewa ukatili utotoni hawakuharibika sawa, wale wenye aina moja ya jeni la MAOA, ile isiyofanya kazi sana, waliathirika zaidi. Waliolelewa bila ukatili, jeni hilo halikuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo "damu ya baba yake" si upuuzi mtupu. Halafu msisahau mtoto asiyetulia kwa kuzaliwa, asiyeweza kungoja, anayechosha hata mzazi mwenye subira ya punda. Mzazi anafinyangwa na mtoto pia.

Direkta_Katuba

Dokta, umesema vizuri, na sehemu ya mwisho ndiyo wazazi wangekupigia makofi. Ndiyo, bidoni inachezwa na wawili, na mtoto mwingine anakuja na moto wake. Nyongeza moja tu juu ya damu: London, wavulana 411 walioanza kufuatiliwa 1961 wakiwa na miaka 8 hivi. David Farrington alikuta kwamba familia chini ya 6% zilibeba nusu ya hukumu zote. Ukiona hivyo unasema urithi. Lakini ndani ya familia hizo kulikuwa pia na ulinzi hafifu, adhabu kali, ndugu wengi kwenye nafasi ndogo, na baba aliyeishia jela. Mtoto harithi kwa njia ya damu tu.

Na kwa wasomaji: mtoto asiyelala, anayeruka usingizini, aliyeona watu wakiuawa njiani akikimbia kutoka mashariki ya nchi, huyo asiitwe mkorofi kabla hajaonwa. Lubumbashi tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Wengi wanaogopa kwenda kwa sababu majirani watasema mtoto ni kichaa. Majirani tayari wanasema ni mwizi.

Likasi_Moja

Swali fupi. Mpwa wangu yuko hivyohivyo. Familia imekaa, uamuzi ni kumpeleka mahali wanapokusanya vijana wagumu, wanyooshwe pamoja. Mnaonaje?

Direkta_Katuba

Hapa nitakuwa mkali. Kuwaweka wagumu pamoja ni kuwapa shule. Mwaka 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walilieleza wazi: kijana akisimulia uhalifu wake mbele ya wenzake, wenzake wanacheka, na kicheko hicho kina nguvu kuliko mahubiri ya mlezi. McCord alikuwa amefuatilia mradi wa Cambridge na Somerville, Massachusetts, ulioanza 1939 kwa nia njema kabisa: washauri, masomo ya ziada, kambi za likizo. Miaka 30 baadaye waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao walioachwa, na waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja ndio walioharibika zaidi.

Mpwa wako kama lazima ahame, ahamie kwa mjomba mmoja mtulivu mwenye watoto watulivu, na mama yake ampigie simu kila siku. Lakini ahame akijua sababu na muda. Akiona ametupwa, ataishi kama aliyetupwa.

Mama_Ruashi

Nimerudi. Nimemuuliza swali la kisu kama ulivyosema. Kuna kikundi njia ya shule. Wamemchukulia viatu mara mbili. Sikujua. Sasa nifanye nini, maana hata nikijua bado bidoni hataki.

Direkta_Katuba

Asante kwa kurudi, Mama. Njia ya shule niachie: mwambie aje kwa direkta wa nidhamu wa shule yake, au wewe uende, na aanze kutembea na wa mtaa wenu wawili watatu. Kisu kibaki nyumbani siku hiyohiyo anapopata wa kutembea nao, usimnyang'anye kabla.

Bidoni sasa. Afrika Kusini, Eastern Cape, walijaribu mafunzo kwa wazazi wa vijana, maskini kama sisi, yanaitwa Sinovuyo Teen. Hayana dawa wala mashine. Wazazi na vijana wanakaa pamoja wanajizoeza kwa maigizo. Matokeo ya 2018 yalionyesha ukatili wa wazazi umepungua na kuwaangalia watoto kumeongezeka. Ninachowachukulia wazazi wangu ni hiki. Chagua jambo moja, si saba. Mwambie ukiwa karibu naye, umemtaja jina, mara moja, bila babu yake. Subiri. Akienda, mwambie umeona. Wengi wetu tunanyamaza mtoto akitii na kufumka akikaidi, kisha tunashangaa ukaidi unakua. Asipoenda, kuna kitu kidogo anachokosa usiku huohuo, kidogo kweli, kitu unachoweza kukisimamia ukiwa umechoka: simu inalala kwako. Usiongeze. Akipiga mlango, mlango umepigwa, simu bado inalala kwako.

Wiki za kwanza atazidi. Anapima kama kweli sheria imebadilika au ni hali ya hewa. Hapo ndipo wazazi wengi huachia, na kuachia baada ya kelele kubwa ni kulipa kelele kubwa.

Mama_Ruashi

Na baba yake? Akirudi kutoka Kolwezi na pesa anamrudishia simu, anamwambia "wewe ni mwanaume." Siku mbili kila kitu kimeanguka.

Direkta_Katuba

Mpigie kabla hajapanda gari, si akiwa mlangoni na mtoto anasikia. Usimwambie mtoto amekushinda. Mwambie mmekubaliana jambo moja, simu na bidoni, na unamwomba yeye ndiye awe wa kumtangazia kijana akifika. Akina baba wengi wa Kolwezi wanarudi wakitaka kupendwa kwa siku mbili, kwa hiyo mpe pia cha kumpa mtoto: ampeleke uwanjani, amsindikize njia ya shule Jumatatu ile kikundi kimwone. Ukishaongea naye, andika hapa alivyojibu.